Shule ya Wachawi ya Hadithini na Uchawi Tunaoujua Malindi

Mzazi wa Malindi anayemkuta mwanawe wa gredi ya sita amezama katika Harry Potter, hata akiitwa kula hasikii, ana haki ya kuuliza kitabu kile kinamfundisha nini. Jaladani kuna mvulana mwenye miwani na kovu la kipajini. Ndani ni uchawi mwanzo mpaka mwisho. Na hapa kwetu uchawi si jambo la mchezo: watu wameuawa kwa ajili yake, wengi wao wazee wasio na kosa. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaomjibu mzazi huyo kwa kicheko, eti hiyo ni hadithi tu, aachane nayo. Swali lake ni zito. Tatizo ni kwamba ndani yake mmefungamana mambo yasiyo ya jamii moja: uchawi aliobuni mwandishi, sihiri inayokatazwa na dini, na uchawi wa kusingiziana unaotusumbua Kilifi. Mtu akiyashika yote kwa mkono mmoja hawezi kumjibu mtoto.

Tuanze na kitabu chenyewe. Cha kwanza kilitoka Uingereza Juni 1997, baada ya wachapishaji kadhaa kukikataa. Bloomsbury ya London ilipokikubali ilichapa nakala 500 tu za jalada gumu, nyingi zikaenda maktaba. Mwandishi, Joanne Rowling, aliombwa atumie herufi badala ya jina lake, kwa kuhofia kwamba wavulana hawatasoma kitabu cha mwanamke. Cha saba, cha mwisho, kilitoka Julai 2007, na kufikia hapo hakukuwa na bara lisilomjua Harry. Nakala zilizouzwa zimepita milioni 500, na tafsiri ziko katika lugha zaidi ya 80.

Harry ni yatima. Wazazi wake waliuawa na mchawi mwovu aitwaye Voldemort yeye akiwa na mwaka mmoja, naye analelewa na dada ya mamake, ambaye anamlaza ndani ya kabati chini ya ngazi. Anapotimiza miaka 11 anapata barua: amechaguliwa kujiunga na Hogwarts, shule ya bweni ya wachawi.

Hapo ndipo mtoto wa Kenya anapojiona. Barua ile imeambatana na orodha ya vitu vya kununua. Sisi tunaijua orodha hiyo kwa jina lingine: sanduku la bati lenye kufuli, godoro, blanketi, ndoo, jozi mbili za soksi. Ya Harry inadai majoho matatu meusi, kofia yenye ncha, glavu, sufuria ya kuchemshia dawa, mizani ya shaba, darubini na kijiti cha uchawi. Chini kuna onyo kwa herufi kubwa kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kuja na ufagio wake mwenyewe wa kuruka nao. Akifika anapangiwa nyumba, moja kati ya nne, na nyumba hizo zinashindania alama mwaka mzima. Kuna viranja. Kuna mitihani mikubwa mwaka wa tano na wa saba. Kuna mwalimu anayemchukia bila sababu na rafiki anayemfichia makosa. Mtindo huu wa hadithi za shule za bweni Waingereza wanao tangu karne ya 19, na shule zenyewe walituletea pamoja na ukoloni, nyumba na viranja ndani yake. Sehemu kubwa ya kitabu kinachoogopwa kwa uchawi ni habari za kazi ya ziada iliyochelewa na ugomvi wa bwenini.

Uchawi wa Hogwarts nao unafuata taratibu zake, na ni vyema mzazi azijue. Mtu huzaliwa nao. Hautoki kwa jini, wala haununuliwi kwa kafara. Hermione, rafiki mkubwa wa Harry na mwanafunzi hodari kuliko wote darasani, ni binti wa wazazi wawili madaktari wa meno wasiokuwa na chembe ya uchawi. Shule inafundisha namna ya kuutumia tu. Kuna somo moja, karibu na katikati ya kitabu cha kwanza, ambamo wanafunzi wanatakiwa kuuelesha unyoya hewani. Dakika zinapita, hakuna kinachoinuka. Mmoja anauchomachoma wake mpaka unashika moto. Ron, rafiki mwingine wa Harry, anarusha mikono huku na huku akipayuka, na Hermione anamkatiza kwamba anatamka vibaya, irabu ile ivutwe. Anaonyesha yeye. Unyoya unapanda. Darasa likiisha, Ron anamsengenya nje, Hermione anasikia, anakwenda kulia chooni. Ukiutazama vizuri ukurasa huo, unyoya ni kisingizio. Kinachobaki kwa msomaji ni yule msichana aliyetengwa kwa sababu anajua jibu.

Maneno yenyewe ya kichawi mwandishi aliyatunga, mengi kwa kukopa Kilatini. Alisomea Kifaransa na maandiko ya kale ya Ugiriki na Roma katika Chuo Kikuu cha Exeter. Hayamwiti mtu wala pepo. Mtoto anaweza kuyapayuka ufuoni Silversands kutwa nzima na asiinue hata unyoya. Hata ndani ya hadithi uchawi una mipaka: haumfufui aliyekufa, na aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuutumia nje ya shule. Apizo tatu, la kuua, la kutesa na la kumtawala mtu akili, zimepigwa marufuku, na anayezitumia kwa binadamu hufungwa maisha.

Je, dini inasemaje? Hapa sipendi kumpitia mtu juu juu. Mtoto wa Malindi anayekwenda chuoni amehifadhi Sura ya Al-Falaq kabla hajajua kusoma vizuri, na ndani yake anaomba kinga dhidi ya wanaopulizia mafundoni. Aya ya 102 ya Al-Baqara inasimulia malaika wawili, Haruti na Maruti, huko Babili, ambao hawakumfundisha mtu mpaka wamwonye kwamba wao ni mtihani, asikufuru. Mkristo naye ana Kumbukumbu la Torati 18, inayokataza uaguzi na uchawi bila kubakisha. Kwa hiyo mtoto hafungui Harry Potter akiwa mtupu. Tayari ameshaambiwa sihiri ni nini na hukumu yake.

Wapo wanaokataa kitabu hiki moja kwa moja. Hoja yao si dhaifu: kinafanya jambo lililokatazwa lionekane la kupendeza, na moyo wa mtoto huanza kulizoea kabla akili haijalipima. Tena wasiwasi huu si ushamba wa Pwani kama baadhi ya watu wanavyodhani. Chama cha Maktaba cha Marekani kilipokusanya orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi nchini humo kati ya 2000 na 2009, mfululizo wa Harry Potter ulishika nafasi ya kwanza. Upande wa pili wanasema kusimulia si kufundisha. Msomaji wa hadithi ya wizi hawi mwizi. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, kwa sharti moja: mtoto awe na mtu mzima wa kumuuliza. Na mzazi anayekataa simlaumu.

Sharti hilo lina uzito zaidi hapa kuliko London. Mtoto wa kule anajua fika kwamba shule ile haipo na hakuna kinachofanana nayo mtaani kwao. Wa kwetu ameona kombe likiandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya waridi, nduguye mgonjwa akanyweshwa. Ameona hirizi shingoni mwa mtoto mchanga. Amesikia kwamba fulani alikwenda kupigiwa ramli, na kwamba wachawi husafiri usiku juu ya ungo. Akisoma habari za ufagio unaoruka, ana kitu cha kuunganisha. Ndiyo sababu kumwambia "ni hadithi tu" hakumtoshi.

Ila simulizi za ajabu si mgeni aliyeshuka na ndege. Watoto wa Lamu na Pate wamelelewa na Fumo Liyongo, shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mamake alimpelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa ili akate minyororo gerezani. Mwisho mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, akamchoma usingizini; Liyongo akainuka na upinde wake, akapiga goti kisimani na kukata roho hivyo hivyo, na watu wakaogopa kusogea kuteka maji hata baada ya kufa kwake. Hakuna anayezuia utenzi huo. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze, aliwageuza ndugu wawili kuwa manyani kwa amri ya jini, na ndugu yao Adili akawa anawachapa viboko kila usiku huku akilia. Vizazi vya wanafunzi vimekisoma kitabu hicho darasani, na tulichotoka nacho ni habari za husuda na msamaha. Hatukutoka tukitafuta jini wa kugeuza watu.

Sasa nifike kwenye uchawi unaonikosesha usingizi mimi.

Katika kaunti hii ya Kilifi, ambayo Malindi imo ndani yake, wazee wameuawa kwa miaka mingi wakiitwa wachawi. Wagiriama husema utsai. Wanaoshambuliwa ni wenye mvi. Baadhi yao wamefikia hatua ya kupaka nywele rangi nyeusi wasionekane wazee. Ukifuatilia, mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba: mzee hajagawa ardhi, vijana wamechoka kungoja. Ganze kuna Kaya Godoma, mahali wanapohifadhiwa wazee waliokimbia makwao kwa kunusurika kuuawa na watu wa damu yao. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, na wengi hawajui kwamba haimlengi tu anayejidai kuwa na nguvu za kuwadhuru wengine. Kumtuhumu mtu uchawi nje ya kupeleka habari kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka nako ni kosa.

Linganisha basi. Hogwarts, mchawi anajijua, anajitaja, anakwenda shule na kupewa matokeo ya mtihani. Kwetu hakuna anayejitaja. Mchawi ni mtu aliyetajwa na wengine. Ushahidi ni ndoto, ramli, ng'ombe aliyekufa, mtoto aliyeugua ghafla. Wa hadithini ni jambo analolitenda mtu. Wa mtaani ni jambo analobandikwa. Haya mawili hayakutani popote, na mtoto anayeyachanganya anaweza kufanya kosa la aina mbili: kuogopa kitabu, au, baya zaidi, kudhani kwamba kwa vile wachawi wa kitabuni ni wa kweli ndani ya kitabu, basi na bibi wa jirani ni mchawi kweli.

Lakini ukivisoma vitabu hivi ukiwa mtu wa Kilifi utaona jambo ambalo wanaovikataza na wanaovishabikia kwa kawaida hulipita. Kusingiziwa kumejaa humo.

Chukua cha kwanza. Nitafichua mwisho wake, kwa sababu hoja imo mle. Kuna jiwe la thamani limefichwa shuleni na mtu anataka kuliiba. Harry na rafiki zake wanaamua ni mwalimu Snape. Kwa nini? Ana pua ya kombo, nywele zimejaa mafuta, joho jeusi, sura ya chuki. Siku moja anachechemea mguu una jeraha. Siku ya mechi, inayochezwa hewani juu ya fagio, ufagio wa Harry unaanza kumtikisa hewani kama unataka kumwangusha, na Hermione anamwona Snape amemkazia macho Harry, midomo ikichezacheza. Kwa watoto hao huo ni ushahidi kamili. Hermione anapenya jukwaani na kulichoma moto joho la mwalimu. Mwisho inabainika Snape alikuwa akisoma maneno ya kumwokoa Harry. Aliyetaka kumuua ni Quirrell, mwalimu mwoga mwenye kigugumizi ambaye hakuna aliyemdhania, na chini ya kilemba chake umefichwa uso wa Voldemort. (Kilemba hicho hakihusiani na dini, mzazi akiulizwa, ajibu hivyo.)

Watoto watatu wema, wenye akili, wamemchoma moto mtu joho kwa sababu ya sura yake na midomo iliyocheza. Nikisoma hapo nawafikiria wale wa Kaya Godoma.

Cha pili kinaenda mbali zaidi, kwani mtuhumiwa ni Harry mwenyewe. Nyoka anataka kumvamia mwanafunzi, Harry anamkemea kwa lugha ya nyoka, lugha ambayo hakujua kwamba anaijua. Nyoka anatulia. Waliokuwepo waliona tofauti: kwao alikuwa akimchochea. Kuanzia hapo kila mwanafunzi anayepatikana amegeuka kama jiwe, lawama ni zake, na watoto wanampisha njia kwenye varanda. Ndani ya kitabu hicho hicho tunajua kwamba Hagrid, mtunza wanyama, alifukuzwa shule miaka 50 nyuma kwa kosa ambalo si lake. Aliyempeleka mbele alikuwa kiranja mwenye adabu na alama za juu, naye ndiye mkosaji. Shambulio linapozuka tena, waziri anakuja usiku kumkamata Hagrid bila ushahidi wowote mpya, na anaeleza kwamba ni lazima ionekane hatua imechukuliwa. Nani katika kaunti hii hajawahi kusikia maneno ya namna hiyo?

Cha tatu kina Sirius Black, aliyekaa gerezani miaka 12 kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Baadaye tunaambiwa hakupelekwa hata mahakamani.

Kwa hiyo mwalimu au mzazi ana somo tayari mkononi. Mwulize mtoto: Hermione aliona nini kwa macho yake, na kipi alikikisia? Aandike safu mbili. Upande wa kwanza utakuwa mfupi mno. Kisha mwulize watu wakisema bibi fulani ni mchawi, safu hizo zingekuwaje.

Pana mahali pamoja ambapo sikubaliani na mwandishi hata kidogo. Cha tatu kinaanza na Harry akiandika insha ya likizo kuhusu kuchomwa moto kwa wachawi zamani za Ulaya. Kitabu chake cha shule kinamwambia kwamba kuwachoma hakukuwa na maana, kwa sababu mchawi wa kweli alijikinga na moto kwa uchawi mdogo, akajifanya anapiga mayowe huku anasikia kutekenywa tu. Mmoja alipenda mno hali hiyo hata akajiachia akamatwe mara 47. Imeandikwa ili msomaji acheke. Kati ya karne ya 15 na ya 18 Ulaya iliwaua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 60,000 kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kinga ya moto. Kwa mtoto wa Uingereza haya ni mambo ya mababu. Kwa mtoto wa hapa huenda yakawa ya mwaka jana. Akifika ukurasa huo, mzazi asimwache peke yake.

Kwa familia ambayo imeamua Harry hapana, wazo la kijana mchawi aliye shuleni halikuanzia kwake. Mwaka 1968 Mmarekani Ursula K. Le Guin alichapisha hadithi ya Ged, mvulana mwenye ngozi ya kahawia nyekundu kutoka kisiwa cha Gont, anayesafiri kwa jahazi kwenda shule ya Roke katika nchi ambayo yote ni visiwa. Mtoto wa Lamu atajisikia nyumbani. Huko shuleni Ged anataka kumwonyesha mwenzake ubabe, anafungua jambo asiloliweza, na kivuli kinatoka na kumwandama bahari nzima. Adui mkubwa wa Ged ni kiburi chake. Kurasa ni chache, ingawa lugha yake ni nzito kuliko ya Rowling.

Anayeruhusu Harry ajue pia kwamba vitabu saba havilingani umri. Vitatu vya mwanzo mtoto wa miaka 10 au 11 anavimudu. Cha nne ni kinene maradufu, mwanafunzi asiye na hatia anauawa ndani yake, na Voldemort anarudishiwa mwili makaburini kwa mfupa, nyama na damu. Tukio hilo limeandikwa ili lichukize, na linachukiza kweli. Ni hilo moja linalokaribia ushirikina ambao wazazi wetu wanauhofia. Wa gredi ya sita asubiri mwaka mmoja au miwili kabla ya kupewa hicho, na akipewa, mzazi akisome kwanza.